Rudolf Virchow: munganga aliyeonyesha kwamba kovu ni kazi ya seli hai

Mtu akijikata na kisu jikoni, kidonda kinafunga kiisha kovu linabaki. Kila mtu anajua hilo. Lakini wengi hawajui kwamba moyo nao unaweza kushika makovu, ndani kabisa, fasi hakuna anayeyaona kwa macho. Nyama ya moyo inakuwa ngumu, inapoteza ulaini wake, na kazi yake ya kusukuma damu inaanza kuharibika. Waganga wanaita hali hiyo fibrosi. Na katika miaka ya karibuni wamevumbua kwamba vyumba vya juu vya moyo na vyumba vya chini havishiki makovu kwa namna moja, juu seli zinazotengeneza kovu hazifanani.

Ili elimu hiyo ipatikane, ilifaa kwanza mtu aonyeshe kwamba kovu linatengenezwa na seli hai. Zaidi ya miaka 170 imepita, watu wa elimu walikuwa wanafikiri kwamba ile nyama inayoshikanisha viungo vya mwili ni kijazo tu, sawa pamba ndani ya mto. Mmoja wa wale waliobadilisha mawazo hayo ni munganga wa Ujerumani anayeitwa Rudolf Virchow. Mtu huyo huyo alifundisha pia kwamba njaa, nyumba mbovu na utawala mbaya ni chanzo cha ugonjwa. Maisha yake yanafaa kujulikana na wakaaji wa mikoa yetu ya mashariki, juu mambo aliyoyakuta akiwa kijana hayako mbali na yale yanayoonekana huku.

Mtoto wa mji mdogo

Rudolf Virchow alizaliwa tarehe 13 mwezi wa kumi 1821 katika mji mdogo wa Schivelbein, katika jimbo la Pomerania. Wakati ule ilikuwa nchi ya Prussia. Leo mji huo uko ndani ya Poland na unaitwa Świdwin. Alikuwa mtoto pekee. Baba yake alikuwa mulimaji na mtunza mali ya mji. Familia haikulala njaa, lakini haikuwa na franka za kumulipia mtoto masomo makubwa.

Kijana alikuwa na akili sana, hasa katika lugha. Alifikiri kwanza kuwa mchungaji wa kanisa, akaacha juu aliona sauti yake ni dhaifu, haitatosha kuhubiri. Mwaka wa 1839 alipata nafasi katika masomo ya waganga wa jeshi ku Berlin. Pale serikali ililipia wanafunzi wenye akili wasiokuwa na uwezo, na wao walipaswa kuitumikia jeshi baadaye. Mwaka wa 1843 alimaliza masomo akawa munganga, kiisha akapelekwa kufanya kazi katika Charité, hospitali kubwa ya Berlin ambayo ipo hadi leo.

Kazi yake pale ilikuwa ya kupasua maiti na kutafuta chanzo cha kifo. Ni kazi ambayo watu wengi hawaipendi. Yeye aliipenda. Kila asubuhi alikuwa mbele ya meza, na kando yake mikroskopi. Hakutaka kusema jambo ambalo hajaliona kwa macho yake mwenyewe.

Kipande cha damu kinachosafiri

Swali la kwanza kubwa alilopewa lilikuwa la damu inayoganda ndani ya mishipa. Wakati ule waganga wengi walifuata mafundisho yaliyotoka Paris kwamba mishipa inayowaka ndiyo chanzo cha karibu kila kitu. Virchow alipasua maiti mingi, akaona mara kwa mara kipande cha damu iliyoganda kimeziba mshipa wa mapafu, lakini ukuta wa mshipa wenyewe fasi ile ulikuwa muzima. Akajiuliza kile kipande kimetoka wapi.

Aliangalia mishipa ya miguu ya maiti zile zile, akakuta kule damu imeganda pia. Basi akafikiri kwamba kipande kilikatika ku mguu, kikasafiri na damu, kikapita ndani ya moyo na kwenda kukwama ku mapafu. Kwa kuhakikisha, alichukua imbwa, akaingiza vipande vidogo vya mpira na vya damu iliyoganda katika mshipa wa shingo. Alipozipasua alivikuta kweli ndani ya mapafu.

Yeye ndiye aliyetoa majina ambayo waganga wanatumia mpaka leo: trombosi, maana yake damu kuganda ndani ya mshipa, na emboli, maana yake kipande kinachosafiri na kuziba fasi ingine. Alikuwa bado hajafika miaka 30. Wakati huo huo alieleza ugonjwa ambamo chembe nyeupe za damu zinazidi kupita kiasi, akaupa jina la leukemia. Mwaka wa 1847 yeye na rafiki yake Benno Reinhardt walianzisha gazeti la elimu ya magonjwa. Reinhardt alikufa mapema, Virchow akaendelea peke yake hadi mwisho wa maisha yake. Gazeti hilo linatoka hata leo, na linabeba jina lake.

Njaa ya Silesia

Mwanzoni mwa mwaka wa 1848 habari mbaya zilifika Berlin. Katika Silesia ya Juu, mkoa wa mbali ambamo wakaaji wengi walisema lugha ya Kipolandi, ugonjwa wa tifusi ulikuwa unamaliza watu. Hiyo si tifoide ya maji machafu. Ni tifusi inayoenezwa na chawa, inayopenda fasi watu wamebanana, wana njaa na hawana nguo za kubadili. Ndiyo ile iliyopiga makambi na magereza ya Burundi katika miaka ya 1990, wakati wa vita.

Magazeti yalipiga kelele, serikali ikaona haya, ikatuma waganga wawili kuangalia. Virchow alikuwa mmoja wao, akiwa na miaka 26. Alikaa kule majuma kama matatu. Aliona nyumba za chumba kimoja, watu na wanyama pamoja. Viazi vilikuwa vimeharibika shambani, chakula hakikuwako. Barabara zilikuwa mbaya, masomo hayakuwako karibu, na viongozi waliandika kila karatasi kwa Kijerumani ambacho raia hawakukisikia. Wenye mashamba makubwa walichukua mapato na kwenda kuyakula mbali.

Serikali ilitegemea apeleke ripoti ya dawa. Ripoti yake ilikuwa na mambo ya ugonjwa, ndiyo, na alieleza kwa makini alichokiona ku miili ya wagonjwa na maiti. Lakini alipofika ku namna ya kuzuia ugonjwa usirudi, aliomba masomo kwa watoto na kwa wanawake, lugha ya wenyeji itumike katika kazi za serikali, barabara zitengenezwe, kodi zitoke juu ya wamaskini na kwenda kwa matajiri, kanisa litengwe na serikali, na raia wajitawale wenyewe. Kwa mawazo yake, tifusi ile ilikuwa ni matokeo ya utawala. Chawa hakuwa anajulikana bado kama mbebaji wa ugonjwa. Virchow hakumujua chawa, lakini alijua fasi ugonjwa unapata njia.

Alirudi Berlin tarehe 10 mwezi wa tatu. Siku nane baadaye, tarehe 18, mapinduzi yalilipuka ndani ya mji. Raia walijenga vizuizi barabarani, na yule munganga kijana alikuwa pamoja nao. Mwezi wa saba mwaka ule alianzisha gazeti la kila juma lililodai mageuzi ya afya. Ndani yake aliandika kwamba waganga ndio watetezi wa kawaida wa wamaskini, na kwamba siasa ni kazi ya uganga inayofanywa kwa nchi nzima.

Mapinduzi yalishindwa. Mwaka wa 1849 serikali ilimuondoa kazini Charité, kiisha ikamurudisha kwa masharti. Aliona afadhali aondoke.

Würzburg: seli katikati ya nyuzi

Chuo kikuu cha Würzburg, kusini mwa Ujerumani, kilimupokea, kwa sharti kwamba asilete kelele za siasa kule. Alikubali. Mwaka wa 1850 alimuoa Rose Mayer, na Mungu akawajalia watoto 6. Miaka hiyo saba bila mikutano ya siasa ndiyo iliyotoa matunda makubwa ya elimu yake.

Wakati ule ilikuwa imejulikana kwamba mimea na wanyama wameundwa na seli. Lakini kulikuwa shida mbili. Ya kwanza, wengi waliamini kwamba seli zinaweza kutokea zenyewe katika maji maji ya mwili, sawa vile chumvi inavyoganda katika maji. Ya pili ni ile nyama inayoshikanisha viungo, ambayo kwa kitabu inaitwa tishu unganishi. Iko chini ya ngozi, iko katikati ya misuli, inazunguka mishipa, inapita ndani ya moyo. Ukiiangalia unaona nyuzi nyeupe tu. Wengi walisema ni nyuzi tu, hakuna uhai wa maana ndani yake.

Mwaka wa 1851 Virchow alionyesha kwamba katikati ya nyuzi zile mna seli. Ni ndogo, nyembamba, zimenyooka sawa mbegu ya mpunga, na zinafanana kwa undani na seli za mfupa na za mfupa laini wa pua au sikio. Hilo lilibadilisha mambo. Kama nyuzi zina seli, basi zina watengenezaji. Kama zina watengenezaji, basi hao wanaweza kufanya kazi kidogo, au sana, au vibaya. Leo seli hizo zinaitwa fibroblasti.

Kuhusu shida ya kwanza, munganga mmoja wa Berlin, Robert Remak, alikuwa ameonyesha kwamba seli inatoka ku seli nyingine iliyogawanyika. Remak alikuwa Myahudi mwenye asili ya Poland, na kwa sababu hiyo milango mingi ya chuo kikuu ilifungwa mbele yake. Mwaka wa 1855 Virchow aliandika wazo hilo hilo kwa nguvu sana, na dunia ikalishika kwa jina lake. Remak alilalamika kwamba hakutajwa inavyofaa, na wanaochunguza historia leo wanaona alikuwa na haki.

Kitabu cha 1858

Mwaka wa 1856 Berlin ilimuita arudi. Sasa yeye ndiye aliyetoa masharti: wamujengee nyumba mpya ya uchunguzi wa magonjwa. Walikubali. Mwanzoni mwa 1858 alitoa mafundisho 20 mbele ya waganga, na mafundisho hayo yakawa kitabu juu ya magonjwa ya seli. Wazo lake ni rahisi kulieleza: mwili ni kama nchi, na seli ni raia wake. Ugonjwa si pepo, wala si kitu kinachoelea katika damu yote. Unaanza fasi fulani, ku seli fulani, ambazo zimeacha kufanya kazi yao ya kawaida au zinaifanya kupita kiasi.

Kwa wazo hilo, swali la munganga mbele ya mgonjwa lilibadilika. Zamani aliuliza mgonjwa ana nini. Sasa aliuliza ugonjwa uko wapi. Hospitali yoyote inayokata kipande kidogo cha nyama na kukipeleka ku laboratwari kuangaliwa na mikroskopi inafuata njia ile.

Mifereji, nyama na bunge

Virchow hakuacha siasa. Mwaka wa 1859 alichaguliwa katika baraza la mji wa Berlin, akabaki humo hadi kifo, zaidi ya miaka 40. Mwaka wa 1861 alishiriki kuanzisha chama cha maendeleo, akaingia bunge la Prussia, na kutoka 1880 hadi 1893 alikuwa depite katika bunge la Ujerumani nzima. Alimupinga sana kiongozi wa serikali, Bismarck, hasa juu ya franka zilizokwenda ku jeshi. Mwaka wa 1865 Bismarck alikasirika mpaka akamuita kupigana naye kwa silaha, sawa ilivyokuwa desturi ya wakubwa wa wakati ule. Virchow alikataa. Aliona hiyo si namna ya kumaliza mabishano ya bunge.

Ku Berlin, maji machafu yalikuwa yanapita wazi kandokando ya barabara, na mji ulikuwa unajaa watu kila mwaka. Kuanzia miaka ya 1870, Virchow na injinia James Hobrecht walisimamia ujenzi wa mifereji ya chini ya udongo iliyopeleka uchafu mbali, ku mashamba ya nje ya mji. Alisukuma pia ujenzi wa hospitali za mji. Ile ya Friedrichshain ilifunguliwa mwaka wa 1874. Alichunguza mnyoo mdogo wa trikina unaoingia kwa mtu kupitia nyama ya nguruwe isiyoiva, na akadai kila nyama ipimwe kabla ya kuuzwa. Wachinjaji hawakufurahi, lakini kipimo kikawa sheria.

Makosa ya mtu mkubwa

Mtu huyu aliyefundisha wengine kuangalia kwa macho yao, mara ingine alikataa kuangalia. Ignaz Semmelweis, munganga wa Vienna, alionyesha kwamba wamama waliozaa walikufa kidogo sana kama waganga walinawa mikono. Virchow hakumuunga mkono. Robert Koch alipoleta vijidudu vya kifua kikuu na kolera, Virchow alikuwa na mashaka mengi, juu aliogopa kwamba watu watasahau njaa na nyumba mbovu na kuwinda kijidudu tu. Hofu yake ilikuwa na maana, lakini vijidudu vilikuwa kweli. Mifupa ya mtu wa kale iliyopatikana Neanderthal, yeye aliitangaza kuwa mifupa ya mtu aliyekuwa mgonjwa. Alikosea.

Ku zile seli za nyuzi pia alipita mpaka. Alizipenda sana hata akafikiri kwamba kansa nyingi zinatoka kwazo. Watu wa elimu waliomufuata walionyesha kwamba nyingi zinatoka ku seli zinazofunika ngozi na viungo.

Tena kuna jambo la fuvu za watu. Virchow alikuwa mkubwa wa shirika la Berlin lililochunguza mataifa ya binadamu. Alifanya kazi ya maana kwa kupima rangi ya nywele na macho ya watoto wa masomo zaidi ya milioni 6 wa Ujerumani, na matokeo yalionyesha kwamba hakuna taifa safi la Wajerumani lisilochanganyika. Lakini yeye na wenzake walikusanya pia fuvu na mifupa kutoka duniani pote, hata Afrika, na mingi ilichukuliwa bila ruhusa ya familia. Hadi leo mifupa ya watu wa Afrika Mashariki iko katika makusanyo ya Berlin, na kuirudisha kwao ni jambo linalojadiliwa.

Mwisho wake

Mwaka wa 1901 alifikisha miaka 80, na wageni walitoka nchi nyingi kumuheshimu. Jumba lake la maonyesho ya magonjwa lilikuwa na vipande zaidi ya 20,000 vya miili, kila kimoja na maelezo yake. Mwanzoni mwa 1902 aliruka kutoka tramu iliyokuwa bado inatembea, akaanguka na kuvunja mfupa wa paja. Hakupona vizuri. Alikufa tarehe 5 mwezi wa tisa 1902, moyo wake ukiwa umechoka. Miaka minne baadaye Berlin ilifungua hospitali kubwa yenye jina lake. Leo ni sehemu ya Charité, na katika uwanja wake mna kituo kikubwa cha kutunza magonjwa ya moyo.

Vyumba vinne, seli zisizofanana

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu vinapokea damu. Ukuta wao ni mwembamba juu kazi si nzito. Viwili vya chini vinasukuma. Ukuta ni mnene, hasa chumba cha kushoto kinachopeleka damu ku mwili mzima. Katika vyumba vyote mna seli za misuli zinazopiga, na katikati yake mna zile fibroblasti. Kazi yao ni kutengeneza nyuzi za kolajeni zinazoshika misuli ikae fasi yake.

Mwaka wa 2020 watafiti wa nchi mbalimbali, na kati yao watu wa Berlin, walitoa ramani ya seli karibu nusu milioni kutoka mioyo ya watu 14. Walikuta kwamba katika vyumba vya juu fibroblasti ni kama 24 juu ya seli 100, na katika vyumba vya chini ni kama 15 au 16. Tena, zile za juu na zile za chini hazitumii jeni zao sawasawa. Mbele ya hapo, mwaka wa 2008, watafiti wa Montréal ku Kanada walilinganisha seli za imbwa. Walipozipa vichocheo vile vile, fibroblasti za vyumba vya juu ziliitika kwa nguvu zaidi: ziliongezeka haraka kuliko zile za chini. Ku panya imeonekana pia kwamba seli hizo hazitoki zote fasi moja wakati moyo unaundwa tumboni. Nyingi zinatoka ku ngozi ya nje ya moyo, zingine ku utando wa ndani, na ku chumba cha juu cha kuume mna zingine zenye asili tofauti.

Kwa hiyo moyo ukipata mzigo, sawa tansiyo iliyokaa miaka bila dawa, vyumba vya juu vinaweza kuwa vya kwanza kujaa nyuzi. Nyuzi zikikata njia ya umeme unaoongoza mapigo, chumba cha juu kinaanza kutetemeka bila mpango. Damu inasimama kwenye kona, inaganda, kipande kinakatika na kusafiri hadi ubongo. Mtu anapooza upande mmoja. Ile ni emboli aliyoieleza Virchow, na chanzo chake ni zile seli alizozionyesha. Hakuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Waliomufuata ndio waliounganisha.

Vyumba vya chini vikishika makovu, shida ni ingine. Ukuta unakuwa mgumu, chumba hakijai vizuri, mgonjwa anakosa pumzi, miguu inavimba, tumbo linajaa maji. Ku Uganda, katika hospitali ya Mulago, munganga Jack Davies alieleza katika miaka ya 1940 ugonjwa ambamo utando wa ndani wa vyumba vya chini unageuka kovu nene. Ugonjwa huo umeonekana sana kwa wamaskini wa nchi za joto, na wengi kati ya wagonjwa waliotunzwa Mulago walikuwa wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi.

Tena kuna ugonjwa wa moyo unaoanza na koo. Mtoto anaumwa koo kwa sababu ya kijidudu, hatunzwi, kiisha kinga ya mwili wake inashambulia moyo wenyewe. Mlango mdogo kati ya chumba cha juu na cha chini cha kushoto unashika kovu, damu haipiti vizuri, na chumba cha juu kinatanuka na kuharibika. Penisilini, dawa ya bei ndogo, inaweza kukinga kama koo linatunzwa mapema. Ugonjwa huo unapenda nyumba zenye kubanana watu na fasi ambako kituo cha afya kiko mbali. Katika nchi tajiri umepunguka sana. Katika mikoa ya mashariki ya Kongo watoto bado wanaupata.

Dawa zilizopo zinapunguza mzigo wa moyo na kuzuia damu isigande, lakini kovu la zamani haliondoki kwa urahisi. Ndiyo maana watafiti wanataka kujua vizuri tofauti ya seli za juu na za chini, ili siku moja dawa ifike fasi inayohitajika bila kuharibu kovu linaloshika moyo usipasuke. Kazi hiyo inaendelea ku laboratwari. Ile kazi ingine ambayo Virchow aliiandika katika ripoti ya Silesia, kazi ya barabara, masomo, chakula na nyumba, haihitaji mikroskopi. Mtoto anayepimwa koo leo katika kituo kilicho karibu na nyumbani anaweza kuepuka kovu la moyo atakapokuwa mtu mzima.